Gofu na spa katika pwani ya Wales kwa wazazi wanaokuja kutoka Nairobi

Kutoka kwa mwanachama wa Milton Keynes

Wapendwa wanajumuiya,

Nawasalimu nyote kwa heshima. Baba yetu anastaafu mwaka huu, na sisi watoto tumekubaliana kuchanga fedha ili yeye na mama waje kutoka Nairobi kututembelea, kisha tuwapeleke kwa siku nne kwenye hoteli nzuri ya pwani ya Wales. Baba amecheza gofu tangu ujana wake na anatamani sana kucheza kwenye uwanja wa kando ya bahari wenye historia. Mama hana haja na gofu. Anachohitaji ni kupumzika, kukandwa mgongo na kukaa mahali patulivu. Nimeona matangazo mengi ya mapumziko ya kifahari yanayounganisha gofu na spa kwa bei moja, lakini sijui nianzie wapi. Dada yetu anayeishi Düsseldorf atakuja pia pamoja na mumewe. Naomba ushauri wa waliokwishafika huko.

Jibu kutoka kwa mwanachama wa Cardiff

Ndugu yetu, pokea salamu, na hongereni kwa kuwafikiria wazazi wakiwa bado na nguvu za kufurahia. Mimi ni mchezaji, kwa hiyo nitazungumzia upande wa baba, na upande wa mama nawaachia kina dada wanaoufahamu vizuri zaidi.

Kabla hamjalipa chochote, fahamuni kwamba viwanja bora vya pwani ya Wales na hoteli kubwa zenye spa, kwa sehemu kubwa, haviko mahali pamoja. Viwanja hivyo vilianzishwa na vilabu vya wanachama mwishoni mwa karne ya 19: Tenby mwaka 1888, Royal Porthcawl mwaka 1891, na Royal St David's ya Harlech mwaka 1894. Hadi leo ni vilabu vya wanachama vinavyopokea wageni kwa siku na saa maalumu, wala havijageuka kuwa hoteli za kifahari. Hoteli zinazouza chumba, gofu na spa kwa bei moja ziko zaidi bara. Celtic Manor ya Newport, ambako Ryder Cup, shindano la timu za Ulaya na Marekani, ilichezwa mwaka 2010, inatazama bonde la mto Usk karibu na barabara kuu ya M4, na Vale Resort iko Hensol, mashambani nje ya Cardiff. Zote mbili ni mahali pazuri, lakini mzee aliyeahidiwa bahari akifika na kuona milima na malisho atasikitika, hata kama kwa heshima yake hatasema neno. Kila tangazo linalotaja pwani lisomeni mkiwa na ramani mkononi. Machynys, karibu na Llanelli, ni mfano tofauti, kwa kuwa ni uwanja wa kando ya maji uliosanifiwa na kampuni ya Jack Nicklaus, bingwa wa gofu wa Marekani, ukafunguliwa mwaka 2005, na ulijengewa spa yake. Hata hivyo ni uwanja wa kisasa, na baba yenu ameomba historia.

Kwa sababu hiyo nawashauri mchague uwanja kwanza, ndipo mtafute hoteli yenye spa iliyo karibu nao. Kaskazini mnaweza kulala Deganwy au Bodysgallen Hall, penye spa pia, na baba akacheza Conwy, uwanja ulioandaa Curtis Cup, shindano la timu za wanawake wa ridhaa, mwaka 2021. Harlech ina uwanja ulio chini ya ngome iliyojengwa na mfalme Edward wa Kwanza kuanzia mwaka 1282, na ng'ambo ya mlango wa mto kuna Portmeirion, kijiji cha ajabu chenye hoteli na spa yake. Kutoka Milton Keynes, hata hivyo, mimi ningeelekea kusini magharibi: ningewapa wazazi usiku tatu Saundersfoot, katika hoteli ya St Brides iliyo juu ya bandari ndogo, ambayo bwawa lake la maji moto ya chumvi linatazama bahari, na baba angecheza Tenby, kilomita chache tu kutoka hapo. Siku ya kurudi, kwa kuwa njia inapita M4, mngekata kona na kumpa raundi moja Royal Porthcawl.

Naomba nisisitize huo uwanja wa Porthcawl. Bahari inaonekana kutoka kila shimo kati ya yale 18, jambo lisilo la kawaida hata kwa viwanja vya pwani. Hapo ndipo Tiger Woods, akiwa bado kijana wa ridhaa, alikuwa kwenye timu ya Marekani iliyoshindwa katika Walker Cup, shindano la timu za wanaume wa ridhaa, ya 1995. Hapo Bernhard Langer wa Ujerumani alishinda Senior Open, ubingwa wa wachezaji wakongwe, ya 2014 kwa tofauti ya mapigo 13. Na hapo Miyu Yamashita wa Japani alitwaa ubingwa wa Women's Open mwaka 2025. Kwa mtu aliyefuata mchezo huu maisha yake yote, kusimama pale pa kuanzia shimo la kwanza kuna thamani kuliko usiku wa ziada hotelini. Bei ni kubwa, zaidi ya pauni 200 kwa raundi katika kiangazi, na nafasi za wageni zinajaa mapema, kwa hiyo andikeni kwa klabu miezi kadhaa kabla, mkiomba siku ya kati ya wiki.

Mzee aandaliwe pia kwa tofauti za mchezo wenyewe. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi hurefusha safari ya mpira. Akifika pwani, mpira aliozoea kuupeleka mita 150 unaweza kupungukiwa na mita kumi kabla hata hatujauzungumzia upepo na baridi. Achague fimbo yenye nguvu zaidi ya mazoea, na apige mpira wa chini unaotambaa, kwani ardhi ya mchanga ni ngumu na mpira huendelea kukimbia baada ya kutua. Nyumbani amezoea kuwa na kedi, yaani msaidizi wa kumbebea fimbo, kila raundi; hapa wengi hubeba au kusukuma fimbo zao wenyewe, na kedi, pale anapopatikana, huombwa mapema. Vigari vya umeme navyo vilabu vingi vya pwani hutoa kwa wenye barua ya daktari tu, kwa hiyo kama magoti yake yanamsumbua, barua hiyo aje nayo kutoka Nairobi. Aje pia na cheti cha handikapu, yaani kiwango cha uwezo wake wa mchezo, kutoka klabu yake, kwa maana baadhi ya vilabu vikongwe hukiuliza, na mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020 umerahisisha kukubalika kwake. Shati liwe na kola, suruali isiwe ya jinzi, na koti la mvua liwe la kweli, si la mapambo.

Kuhusu majira, mimi napendelea mwisho wa Mei hadi Juni. Ukiacha likizo fupi ya shule mwishoni mwa Mei, shule hazijafungwa, bei hazijapanda, na jua linazama mnamo saa tatu na nusu usiku, hivyo baba anaweza kupata chakula cha mchana na mama bila haraka, kisha akacheza raundi ya jioni ambayo vilabu vingi huiuza kwa bei nafuu. Mkiwa njiani kumbukeni kwamba tangu Septemba 2023 kasi ya kawaida katika barabara za makazi Wales ni maili 20 kwa saa, tofauti na maili 30 mliyoizoea England.

Jibu kutoka kwa mwanachama wa Leicester

Kaka yangu, namshukuru ndugu wa Cardiff, nami naomba niongeze kuhusu mama, kwa sababu katika safari za namna hii mara nyingi gofu hupangwa kwa uangalifu, na spa ikaachwa ijipange yenyewe.

Wazazi wetu wengi wanatumia dawa za shinikizo la damu. Kabla ya masaji mgeni hujaza fomu ya afya, na mhudumu ana haki ya kukataa kumkanda au kumzuia asiingie kwenye maji moto na sauna ikiwa hakuna ruhusa ya daktari. Ni huzuni kumwona mama amesafiri umbali wote huo na kukataliwa mlangoni. Pigeni simu spa mkitaja hali yake na dawa zake, ulizeni wanahitaji barua gani, na ombeni wakati huohuo mhudumu mwanamke, maana wasipoombwa watampangia yeyote aliye na nafasi. Kama ana mzio wa karanga au lozi utajeni pia, kwani mafuta mengi ya kukandia hutokana na lozi na mbegu za namna hiyo.

Mabwawa ya spa za hapa hutumiwa na wanaume na wanawake pamoja. Dada yenu wa Düsseldorf amezoea sauna za Ujerumani ambako watu huingia bila nguo. Amhakikishie mama kwamba Uingereza vazi la kuogelea ni la lazima. Hata hivyo mama hatastarehe akimkuta mkwewe kwenye bwawa lilelile la maji moto, na mkwe mwenyewe atakosa pa kutazama. Gaweni saa: wanawake waingie asubuhi wakati wanaume wako uwanjani, jambo ambalo gofu inalirahisisha sana. Anayetaka kujisitiri zaidi aulize kama vazi refu la kuogelea linaruhusiwa na kama kuna saa ambazo bwawa huwa na watu wachache. Hoteli nzuri hujibu maswali haya kwa adabu, na ile inayojibu kwa ukali imewaokolea fedha.

Mama asisukwe nywele siku moja kabla, na mwambieni mhudumu mapema kama hataki mafuta kichwani, kwa sababu masaji nyingi huishia hapo. Maji ya klorini nayo hukausha nywele zetu, basi abebe kofia yake ya kuogelea na mafuta yake mwenyewe. Familia zinazokula halali ziiarifu hoteli siku kadhaa kabla. Samaki na kome wa Pembrokeshire, eneo zilipo Tenby na Saundersfoot, hupatikana kwa wingi, lakini nyama isidhaniwe.

Jibu kutoka kwa mwanachama wa Reading

Nawaongezea mambo mawili kwa ufupi.

La kwanza ni hati. Kama dada na mumewe wana pasipoti za Kenya, kibali chao cha ukaazi cha Ujerumani hakiwaruhusu kuingia Uingereza. Wanahitaji viza ya mgeni sawa na wazazi, na waombe mapema. Kama wana pasipoti za Ujerumani, tangu Aprili 2025 wanahitaji kibali cha kielektroniki cha kusafiri, ambacho huombwa kupitia mtandao kabla ya safari.

La pili ni malipo. Ile haki ya siku 14 za kubadili mawazo tunayoipata tunaponunua vitu mtandaoni haihusu chumba cha hoteli wala raundi ya gofu iliyowekwa kwa tarehe maalumu. Ikiwa viza ya wazazi bado haijatoka, lipeni bei inayoruhusu kufuta hata kama ni kubwa kidogo, na mlipie kwa kadi ya mkopo, kwa kuwa kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 humfanya mtoaji wa kadi, kama vile benki, awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu chenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000. Mkichanga, wengine wamtumie fedha mmoja wenu, naye ailipe hoteli moja kwa moja kwa kadi yake. Malipo yakipitia kwa wakala wa katikati, kinga hiyo inaweza kupotea.