Mliopita magumu kweli, ni neno gani la Biblia liliwasimamisha?

mama wa mitumba
Shalom wapendwa, naombeni mnisaidie maana kichwa kimejaa. Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, mimi ndo nauza mitumba hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mtaji wenyewe umeishia kwenye dawa na nauli za kliniki, nikaingia kwenye mikopo hii ya kausha damu, yenye riba kali, sasa marejesho ni kila wiki na afisa mikopo akija anakaa mlangoni mpaka mtaa mzima unajua. Kusali sijaacha. Ila watu wa kanisani wakija wananisomea Yeremia 29:11, Mungu anakuwazia mema, alafu wanaaga, na mmoja kanambia wazi kabisa kwamba mume wangu angekuwa na imani angeshaamka. Neno lile limenikaa kooni. Nauliza nyie mliopita magumu, mlishika andiko gani mkaweza kuamka asubuhi mkafungue biashara? Sitafuti la kunifurahisha, natafuta la kunisimamisha.

mzee wa kanisa
Pole sana mama, pole mno. Naanza na huyo wa imani maana ananiumiza. Paulo, yule ambaye Matendo 19 inasema hata leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, ndiye huyohuyo anaandika 2 Timotheo 4:20 kwamba Trofimo mwenzake alimwacha Mileto, hawezi, yaani mgonjwa. Hakusema Trofimo ana imani haba! Na Timotheo mwenyewe alikuwa anasumbuliwa na tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, Paulo akampa ushauri wa tiba, basi.

Alafu wale rafiki watatu wa Ayubu. Walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, na hapo walikuwa watu wema kabisa, shida ilianza walipofungua mdomo kumtafutia kosa. Sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili kwa sababu hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Na Ayubu ndo aliyekuwa amelia na kuuliza maswali sura kibao. Kwahiyo mama lia tu, uliza, haupotezi chochote mbele za Mungu.

Na hiyo Yeremia 29 isome kuanzia mstari wa kwanza. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania alishaahidi kule Yerusalemu kwamba miaka miwili tu mambo yataisha, Yeremia anawaambia hapana, ni miaka sabini, jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, ozeni watoto. Yaani ile ahadi ya mema walipewa watu walioambiwa watakaa sana kwenye shida na waendelee kuishi humohumo. Mimi nilipouguliwa na mama kwa muda mrefu hapo ndo nilipopata pa kusimama, nikaacha kuhesabu lini itaisha nikaanza kupanga wiki.

nesi wa zamu
Dada mimi nakuuliza, unalala? unakula? Maana nawaona sana wodini wanaouguza, mgonjwa anapata nafuu yeye ndo anaanguka na presha. Soma 1 Wafalme 19. Eliya kachoka mpaka anaomba afe, kalala chini ya mretemu, na malaika hakumhubiria hata kidogo, alimgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate na gudulia la maji, akala akalala tena, akaamshwa tena akala, ndo baadaye sana Mungu akaongea naye. Tafuta ndugu mmoja akae na shemeji hata mchana mmoja kwa wiki ulale. Na yale mazoezi ya viungo msiyaache hata kama mnaona hayasogei.

kijana wa Nakuru
Pole dadangu. Hiyo story ya deni iko kwa 2 Wafalme 4, mjane wa mmoja wa wanafunzi wa manabii, mwenye kumdai anakuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza uko na nini kwa nyumba. Anasema sina kitu ila chupa ya mafuta. Mimi hukaa sana kwa hilo swali, kwa sababu muujiza ulianza na kile kidogo alikuwa nacho na vyombo vya kuombwa kwa majirani, na mwisho anaambiwa auze, alipe deni, na wanaishi na itakayobaki. Kulipa deni kuko ndani ya hiyo hadithi.

mweka hazina wa kikoba
Naongezea kwa kijana. Mithali 6 inasema ukijifunga kwa maneno yako nenda ukanyenyekee, msihi jirani yako, usilale. Wewe mfuate mwenye ofisi mwenyewe, usimsubiri huyo wa mlangoni, omba marejesho yawe kwa mwezi na yaandikwe. Na uulize leseni, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wakopeshaji hawa wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu. Nenda na mtu, usiende peke yako. Na tafadhali usikope huku kulipa kule.

mama wa mitumba
Mungu awabariki, nimesoma nalia. Hiyo ya Trofimo nimemsomea baba watoto akaniambia rudia. Kuhusu nilicho nacho nyumbani, nina cherehani ya mama mkwe, mbovu kidogo mkanda tu, na nguo za marobota zinazochanika nimekuwa nazitupa bei. Nikizishona zinaweza kutoka kama za watoto. Jumatatu naenda ofisini kwao na mzee wa jumuiya yetu. Kuna mtu wa Mbeya anajua fundi wa cherehani asiye na bei kali?

nesi wa zamu
Yupo mmoja pale Mwanjelwa upande wa vitambaa, anatengeneza vizuri, nakutumia namba yake inboksi sasa hivi.