Binti wa miaka 18, leseni mpya, gari la mtumba: nichukue lipi?

Baba Zuu, Bamburi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, na naomba mnijibu kama vile mtoto ni wenu.

Binti yangu alitimiza miaka 18 mwezi wa tatu na leseni keshapata. Anasoma TUM, chuo kikuu cha ufundi cha hapa Mombasa, pale Tudor. Kila siku ni Bamburi, daraja la Nyali, Buxton, kisha arudi njia ile ile. Siku mbili kwa wiki vipindi vyake huisha saa mbili usiku, na mamake halali mpaka asikie geti. Isitoshe yeye ndiye atakayempeleka nyanyake kliniki. Nyanya ana goti baya, kiti cha gari la chini humshinda kuinuka mpaka ashikwe mikono miwili. Ndiyo maana nataka gari lililoinuka kidogo, si jipu kubwa la safari.

Nina milioni moja na laki tatu, bima ikiwa ndani yake. Nimezunguka yadi tatu na dalali mmoja, nikabaki na haya: Toyota Rush ya 2010, Nissan Juke ya 2013, na Subaru Forester ya 2011 ya turbo, ambayo ndiyo Zuu moyo wake upo. Mimi ni fundi cherehani. Gari naliendesha tu, ndani yake silijui.

Fundi wa Makupa

Wa alaykum salaam Baba Zuu. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa iwe na nguvu zaidi, itoe kwenye hesabu leo hii. Silisemi vibaya gari, Forester ni gari zuri, lakini ile nguvu mtu wa miezi miwili barabarani hana kazi nayo. Akikanyaga kuipita tuktuk pale Kongowea, gari litafika mahali ambapo macho yake hayajafika. Tena turbo inataka oili nzuri kwa wakati wake. Ukiichelewesha, utanunua turbo nyingine kabla mtoto hajamaliza mwaka wa pili. Kama anaipenda Forester sana, mtafutie ile isiyo na turbo.

Juke haili mafuta sana na injini yake ya sisi 1500 inamtosha. Mambo mawili: gia yake ni CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia, na mafundi wengi wa kando ya barabara huitia oili yoyote ya gia. Inataka oili yake maalum. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini, na kama hana risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa. La pili, kioo cha nyuma ni kidogo. Mwache binti mwenyewe arudishe gari nyuma pale yadini kabla hujasema bei.

Mama Suleiman, Mtwapa

Baba Zuu, mimi nina mtoto wa kiume ambaye tulimpa gari akiwa na miaka 19. Nitakwambia jambo moja ambalo sikuambiwa. Nilikata bima kubwa, nikalala raha. Alipogonga nguzo kwenye mvua za mwezi wa tano (alhamdulillahi hakuumia), nikaambiwa kuna pesa ambayo mwenye gari hulipa kwanza mwenyewe, na dereva akiwa kijana au leseni yake haijatimiza mwaka, pesa hiyo huongezwa. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, mimi ndiye sikuisoma. Usiweke milioni na laki tatu zote kwenye gari. Bakisha, na kabla hujatia sahihi uliza wazi: mtoto wangu akigonga, mimi natoa ngapi? Na umtaje kwa jina kwamba ndiye dereva.

Mzee wa Kilindini

Nimeshusha magari bandarini miaka mingi, nisome taratibu mwanangu.

Wengi watakupa jina la gari. Mimi nakuomba uangalie taa mbili kwenye dashibodi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya mfuko wa hewa (airbag, ule unaofura kumkinga mtu gari likigonga), ile picha ya mtu aliyekaa na duara mbele yake, lazima iwake, kisha injini ikishaguruma izime. Ikibaki inawaka, kuna kasoro. Isipowaka kabisa, ogopa zaidi, maana kuna watu huitoa ile taa ili usijue kwamba mifuko ililipuka kwenye ajali na haikurudishwa.

Taa ya pili ni ya gari linaloacha alama za nyoka nyuma yake. Huo ni mfumo unaolishika gari lisiteleze kwenye kona au maji. Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC. Japani ilianza kuulazimisha kwa modeli mpya 2012, kwa hivyo magari ya kabla ya hapo mengine yanao na mengine hayana, hata yakiwa ya jina moja. Rush ya 2010 ichunguze hapo hasa. Ni ndefu kwenda juu, nyembamba, na nyingi huvutwa na magurudumu ya nyuma. Bila mfumo huo, mtoto akikata usukani ghafla kwa ajili ya bodaboda, mimi simo.

Halafu kuna mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyoitengeneza. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa yarudi yabadilishwe mifuko hiyo: Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru na wengine. Baruti iliyo ndani huharibika kwa joto na unyevu wa miaka, na siku ya ajali chuma hupasuka kikamrukia dereva. Joto na unyevu, Baba Zuu. Ndiyo hewa yetu sisi. Chukua namba ya chesisi uitafute kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uone kama linahusika na kama mfuko ulibadilishwa.

Salma wa Tudor

Naongeza la mkanda. Vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho kabisa. Ukiona mstari wa tope au harufu ya uvundo, huenda gari hilo liliwahi kuzama. Chini ya mkanda kuna kitambaa kidogo chenye tarehe. Gari la 2013 likiwa na mkanda wa 2016, mkanda ulibadilishwa, na huenda lilipata ajali. Na mlale chini mtazame kutu, hasa gari lililokaa Nyali au Shanzu karibu na bahari. Juu linang'aa, chini linamomonyoka.

Kassim B.

Mtu akikushauri Mazda CX-3, kumbuka za mwanzo kutoka Japani ni za dizeli. Safari fupi za foleni huziba chujio la moshi. Bamburi hadi Tudor ni safari ya namna hiyo.

Baba Zuu, Bamburi

Allah awalipe kheri nyote. Leo asubuhi nilirudi kwa dalali wa Rush. Nikafungua swichi kama Mzee alivyosema. Taa zote ziliwaka kama Idi, ila ya mfuko wa hewa palikuwa peusi. Nikafunga, nikafungua tena. Peusi. Dalali akasema ni balbu tu. Nikamwambia basi weka balbu nije kesho, akaanza kunionyesha gari lingine.

Zuu nimemsomea maneno ya Fundi kuhusu turbo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Juke ina ile taa ya nyoka. Ninayo namba ya chesisi yake, jioni hii tutaitafuta pamoja, na Jumamosi tunakwenda na fundi. Rekodi ya gari nimeshaiomba NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nijue logibuku (kitabu cha umiliki) haina deni la benki. Nyanya tunakwenda naye pia, apande na kushuka mwenyewe. Laki moja na nusu nimeiweka kando, Mama Suleiman.

Mzee wa Kilindini

Tazama na tairi. Tarakimu nne kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Zikiwa kuukuu, bei ishuke au abadilishe kabla hujalipa.