Tunaanza kitabu cha tatu cha The Hunger Games na kidato cha tatu: tukisomeje tusipotee njiani?

Mlezi_Nkuhungu
Habari zenu wakuu. Klabu ya usomaji ya wanafunzi wa kidato cha tatu hapa Dodoma imemaliza vitabu viwili vya kwanza vya Suzanne Collins na sasa tunaingia Mockingjay. Wanafunzi ni 14, nakala ni mbili tu, na tangu wamalize kitabu cha pili imepita likizo nzima. Tunakutana Jumamosi, saa nne mpaka saa sita. Naomba kujua kinagawanywaje, wapi watoto hukwama, na kama wale walioshaona filamu watatuharibia. Pia kuna vile vitabu viwili vilivyotoka baadaye: visomwe kabla au baada? Hapa tutautaja mwisho wa hadithi, kwa hiyo asiyetaka kuujua asishuke chini.

Kabati_la_Vitabu
Mwalimu, kitabu chenyewe kimeshakurahisishia. Kina sura 27 katika sehemu tatu, kila sehemu sura 9. Kina maneno kama 100,000, kwa hiyo sura moja ni wastani wa maneno 3,700. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akisoma kwa sauti, bila kukimbia, hutoa maneno kama 100 kwa dakika. Sura moja basi ni dakika 37 hivi. Mbili zinakula saa moja na robo, inabaki dakika 45 ya mazungumzo. Usijaribu tatu, mazungumzo yatakufa.

Gawa hivi: sura tatu kwa juma, moja nyumbani na mbili kwa sauti Jumamosi. Nakala moja ina watoto saba, juma lina siku saba. Kila mmoja analala nayo usiku mmoja na kesho yake anaikabidhi kwa anayefuata. Andika majina ndani ya jalada kwa zamu, la sivyo kitabu kitakaa kwa mtu mmoja siku nne.

Zingatia mpangilio: sura ya 1 isomwe nyumbani KABLA ya kikao cha kwanza, kisha 2 na 3 kikaoni, ya 4 nyumbani, 5 na 6 kikaoni, na kuendelea hivyo. Ukifuata hesabu hiyo, sura za 9, 18 na 27 zinazofunga kila sehemu zinaangukia kikaoni, pamoja na ya 12, 24 na 26. Ukianzia kikaoni, zile nzito zote isipokuwa ya 26 zinaenda nyumbani, na mtoto anamaliza sura ya 24 saa tano usiku hana wa kuzungumza naye. Jumamosi tisa, kitabu kimeisha.

Dada_wa_Kondoa
Hesabu nzuri. Niongeze pale wanapokwama: sura tano za kwanza. Wasomaji wanasubiri uwanja wa mapigano, ule ambamo vijana wanachezeshwa mashindano ya kuuana, kama vitabu viwili vilivyopita, na uwanja haupo. Hiki ni kitabu cha vita. Waambie mapema.

Tena msimulizi mwenyewe hayuko sawa. Katniss aliumia kichwa mwishoni mwa kitabu cha pili, anapewa dawa, na Wilaya ya 13, makao ya waasi, imemvisha bangili inayomtaja kuwa mtu aliyechanganyikiwa. Ndiyo maana anarukaruka: sasa, zamani, sasa tena. Mtoto akidhani Kiingereza chake ndicho kibovu atakiacha kitabu. Mwonyeshe kuwa kimeandikwa hivyo kwa makusudi.

Kuna kipande kimoja kinachofaa kusomwa polepole sana. Kila asubuhi watu wa Wilaya ya 13 wanaingiza mkono kwenye mtambo ukutani, ratiba ya siku inachapwa kwa wino wa zambarau kwenye ngozi, nao wino hautoki mpaka saa ya kuoga usiku. Waulize: hawa waasi wana tofauti gani na Capitol, mji mkuu wanaoupiga vita? Usiwape jibu. Swali hilo litawatembeza hadi sura ya 26.

Kabla ya kuanza, andika ubaoni mambo matatu ya kitabu cha pili: Peeta, mwenzake Katniss wa uwanjani, ametekwa na Capitol, Wilaya ya 12 walikotoka imeteketezwa, na Rais Snow wa Capitol na Katniss walikubaliana kutodanganyana. Hilo la tatu wengi wamelisahau, na bila hilo mwisho hausomeki.

Mlezi_Nkuhungu
Asante sana dada, la makubaliano hata mimi lilikuwa limenitoka. Hebu nifafanulieni huo mwisho. Wanafunzi wa mwaka jana waligombana kuhusu kura ya Katniss.

Mchana_Mkavu
Mwalimu, kura hiyo ianzie sura ya 13. Humo Gale, rafiki wa Katniss, na Beetee, fundi wa silaha wa waasi, wanachora mtego: bomu la kwanza linalipuka, wanasubiri waokoaji wakimbilie majeruhi, kisha linalipuka la pili. Sura hiyo kwa ratiba yenu inasomwa nyumbani, kwa hiyo mwambie kila mtoto anakili aya ile kwenye daftari.

Ikifika sura ya 24, viparachuti vya rangi ya fedha vinawashukia watoto wa Capitol. Wanavidaka kwa sababu uwanjani viparachuti vilileta zawadi. Vinalipuka, waganga wa waasi wanakimbilia, Prim, mdogo wake Katniss, akiwa kati yao, kisha vinalipuka vilivyobaki. Wafungue daftari hapo hapo. Usiseme kitu, wataona wenyewe. Halafu uliza: Prim hajafika miaka 14, nani alimruhusu kwenda mstari wa mbele?

Baadaye Snow anamwambia Katniss kwamba amri ilitoka kwa Rais Coin, kiongozi wa Wilaya ya 13, na anamkumbusha yale makubaliano. Kisha Coin anawaita washindi saba wa mashindano ya zamani wapige kura: watoto wa Capitol wachezeshwe mashindano ya mwisho au hapana? Peeta, Annie na Beetee wanakataa. Johanna na Enobaria wanakubali. Katniss anakubali, kwa ajili ya Prim. Haymitch, mlezi wake wa mashindano, anamfuata. Nne kwa tatu.

Anayesoma harakaharaka anasema Katniss amegeuka katili. Lakini anahitaji Coin amwamini hadi siku ya kumuua Snow, na siku hiyo mshale unampata Coin. Mimi nasimama hapo. Ila maandishi hayalitamki wazi, na mwanafunzi mwenye hoja ya kinyume anaruhusiwa kubaki nayo kama anataja ukurasa.

Kabati_la_Vitabu
Kuhusu filamu: zipo mbili, 2014 na 2015. Ya kwanza inaishia baada ya Peeta kumkaba Katniss koo, yaani karibu nusu ya kitabu. Onyesha baada ya sura ya 13, siyo kabla. Filamu haiwezi kuingia kichwani mwa Katniss, na mchezo wa Peeta wa kuuliza "kweli au si kweli?" unahitaji mtu aliyemo humo kichwani.

Vitabu vya baadaye, kile cha 2020 cha ujana wa Snow na kile cha 2025 cha Haymitch, visomwe baada. Katniss anaimba wimbo wa mti wa kunyongea katika kitabu cha tatu, na asili yake iko katika kile cha 2020. Ukitanguliza asili, wimbo unapoteza fumbo lake. Cha Haymitch kinafunga kwa kurejea mambo ya mwisho wa Mockingjay, kwa hiyo hicho kiwe cha mwisho kabisa.

Mlezi_Nkuhungu
Nimeelewa. Zamu nimeshazichora ndani ya majalada yote mawili, sura ya 1 inaondoka leo.