Boeing wachelewe miaka wapewe kazi nyingine, mimi siku 16 nikatwe pesa?

Wakuu, leo siandiki kwa upole. Mnivumilie.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yangu iko Katwe hapa Kampala. Nilipata tenda ya vitanda vya dabo deka vya shule ya bweni, mkataba wa bei moja isiyobadilika. Sijafika hata nusu ya kazi, bomba za mraba zikapanda bei mara mbili ndani ya miezi michache. Nikaenda kwenye ofisi ya serikali iliyonipa tenda kuomba wanifikirie. Bwana mmoja akanisukumia karatasi juu ya meza, akaweka kidole kwenye saini yangu: "Hii si yako?" Ni yangu. Nikauza jenereta, nikamaliza vitanda vyote. Nilichelewa siku 16. Wakanikata faini, halafu pesa iliyobaki wakaikalia miezi tisa. Vijana wangu wawili wameondoka, na siwalaumu.

Sasa wiki hii nimesoma habari za Boeing na kazi zao za serikali ya Marekani, na damu imenichemka.

Chukueni KC-46, ndege ya kujaza ndege nyingine mafuta hewani. Mwaka 2008 kazi hiyo walipewa Northrop Grumman pamoja na kampuni mama ya Airbus. Boeing wakapinga, zabuni ikarudiwa, na Februari 2011 wakashinda wao kwa bei ya chini. Mkataba wa bei moja, kama wangu! Ndege 18 zilitakiwa ziwe tayari mwaka 2017. Ya kwanza ilipokelewa Januari 2019, na haikupita muda jeshi likasimamisha kupokea nyingine kwa sababu ndani yake mlikutwa vifaa vya mafundi na takataka za kiwandani.

Hapo ndipo niliposimama nikaweka simu chini. Kwangu kitanda hakitoki getini kabla sijapitisha kiganja kila kona, maana ncha ya chuma ikibaki itamchana mtoto wa watu usiku akigeuka. Hicho ni kitanda. Hawa wanaacha vifaa ndani ya ndege!

Na bado. Askari anayeelekeza lile bomba la mafuta hachungulii dirishani, anatazama skrini ya kamera, na jua likipiga vibaya picha inamdanganya umbali, bomba linaweza kuikwaruza ndege iliyokuja kujazwa. Marekebisho ya kamera hizo yamesukumwa hadi 2027.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia hasara wamebeba Boeing wenyewe. Ni kweli, zaidi ya dola bilioni 7 kwa ndege hiyo peke yake. Lakini aliyekuwa anasubiri nani? Marubani wanaoendelea kurusha KC-135, ndege kuukuu za kujaza mafuta zilizoundwa kabla hawajazaliwa. Mimi nilipochelewa, watoto walilala kwenye magodoro sakafuni siku 16. Hilo naliona aibu mpaka leo, na ndiyo maana faini sikuipinga.

Ndege mbili mpya za rais wa Marekani nazo ni hivyo hivyo. Mkataba wa mwaka 2018, dola bilioni 3.9, zifike 2024. Hazikufika. Tena hawakuanza na chuma kitupu: walichukua ndege kubwa za abiria, 747-8, zilizokwisha kuundwa kwa ajili ya shirika la Urusi lililofilisika. Bosi wao wa wakati ule, Dave Calhoun, alikiri mwaka 2022 kwamba pengine hawakupaswa kukubali mkataba wenye hatari kiasi kile. Ningesema maneno hayo mbele ya yule bwana wa kidole, ningetolewa nje na askari wa mlangoni.

Halafu Starliner, chombo chao cha kupeleka watu anga za juu. Mwaka 2014 NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waliwapa Boeing dola bilioni 4.2 na kampuni ya SpaceX bilioni 2.6, wote wapeleke wanaanga kwenye kituo cha anga za juu. Aliyelipwa kidogo alipeleka watu 2020. Boeing wakapeleka Juni 2024, heliamu ikavuja, injini ndogo zikasumbua. Butch Wilmore na Suni Williams waliokwenda kwa siku chache wakakaa miezi tisa, wakarudishwa na chombo cha SpaceX tarehe 18 Machi 2025.

Tarehe 21 Machi, siku tatu tu baadaye, Boeing wakatangaziwa kazi mpya ya ndege ya kivita F-47.

Siku tatu! Mimi nimeomba tenda mara mbili tangu vile vitanda, zote nimerudishiwa faili kwa sababu "uliwahi kuchelewa". Hakuna aliyeandika mle kwamba wao walichelewa miezi tisa kunilipa. Mkataba una ukurasa mzima wa faini yangu, na sijaona mstari hata mmoja unaowabana wao.

Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu: kuna fundi au msambazaji yeyote hapa Uganda aliyewahi kulipwa riba kwa kucheleweshewa pesa zake na ofisi ya serikali? Alitumia kipengele gani, na barua alimpelekea nani? Andikeni hapa hapa, Jumatatu narudi kule na faili langu.