Nisubiri tuzo, au niupeleke mswada kwa mchapishaji?

Mwandishi wa Kasarani

Ndugu wapenzi wa fasihi, hamjambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kasarani, Nairobi, na kwa miaka minne nimekuwa nikiamka saa kumi alfajiri kuandika riwaya ya Kiswahili kabla ya kupanda matatu kwenda kazini. Mswada umekamilika, una maneno elfu 62 hivi, na tangu Januari umekaa kabatini kwa sababu sijui pa kuupeleka. Rafiki yangu mmoja anasisitiza niuwasilishe kwanza kwenye Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, kwa hoja kwamba mwandishi asiyejulikana hasomwi na mchapishaji yeyote mjini hapa mpaka jina lake litangazwe mahali fulani. Mwingine anasema tuzo ni bahati nasibu ya wasomi wa vyuo vikuu na kwamba nitapoteza mwaka mzima nikingoja matokeo.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kulisema. Hadithi yangu inamhusu fundi wa soko la Gikomba na dada yake wanaogombea cherehani waliyoachiwa na mama yao, na hapo awali ilimalizika kwa wawili hao kucheka pamoja juu ya kitu kidogo sana. Baada ya kusoma vitabu kadhaa vilivyotuzwa nikaona vyote vimebeba mambo mazito, nikaifuta sura hiyo na kumuua dada mtu. Tangu siku hiyo siupendi mswada wangu. Naomba wenye uzoefu wanieleze: tuzo humfaa nini hasa mtu anayeanza, na inastahili kumfanya abadilishe kazi yake?

Mhariri wa Zamani

Dada yangu, hongera kwa kuumaliza, maana wengi wanaoniuliza swali hili hawajavuka sura ya tatu.

Kabla ya kuuliza tuzo humfaa nini mtu, inafaa kutazama ni nani anayeruhusiwa kuingia. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ambayo ilianza mwaka 1974 chini ya Chama cha Wachapishaji cha Kenya na ambayo ina kitengo cha Kiswahili na cha Kiingereza, hushindaniwa na vitabu ambavyo tayari vimechapishwa, na wachapishaji ndio wanaoviwasilisha. Kwa hiyo kwa mtu mwenye mswada kabatini tuzo hiyo haiwezi kuwa mlango wa kuingilia. Ni chumba cha ndani. Safal-Cornell ni tofauti kwa sababu inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Ilianzishwa mwaka 2014 na Mukoma wa Ngugi na Lizzy Attree, wakati huo ikiitwa Mabati-Cornell, na katika awamu ya kwanza, mwaka 2015, Anna Samwel Manyanza alishinda kwa riwaya yake Penzi la Damu, naye Mohammed Khelef Ghassani akashinda kwa diwani ya N'na Kwetu. Fedha zake si haba, lakini jambo ambalo mwandishi chipukizi anapaswa kulitazama zaidi ni kwamba tuzo hiyo ilibuniwa pamoja na mpango wa kuzichapisha kazi zinazoshinda.

Sasa nikuambie yanayotokea ndani ya ofisi ya mchapishaji, kwa kuwa nilikaa humo miaka kumi na moja. Barua inayosema kwamba mswada uliingia katika orodha fupi ya tuzo, yaani ya kazi chache zilizobaki kabla ya mshindi kutangazwa, inauondoa chini ya rundo na kuuweka juu. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na si kazi ndogo, kwa sababu rundo lenyewe linaweza kukaa miezi minane bila kuguswa. Lakini baada ya mhariri kuusoma na kuupenda, unapelekwa mbele ya watu wa mauzo, na hao hawaulizi kuhusu tuzo. Wanauliza kama shule zitakinunua kitabu hicho. Nimewahi kutetea mswada uliosifiwa na majaji watatu, nikashindwa na mtu aliyekuwa na kikokotoo.

Msomaji wa River Road

Mhariri amesema kweli, nami ningeenda mbele kidogo. Hapa kwetu tuzo kubwa kuliko zote haina hafla wala hundi: ni kitabu chako kuteuliwa kusomwa shuleni. Riwaya za Kidagaa Kimemwozea na Chozi la Heri zilisomwa na kila mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, katika miaka ya uteuzi wao, wapende wasipende, na mpaka leo utazikuta zimepangwa kando ya barabara katikati ya jiji zikiwa na majina ya wanafunzi wanne au watano kwenye jalada la ndani. Ni tuzo gani inayoweza kumpa mwandishi wa Kiswahili wasomaji wa namna hiyo? Mrabaha wa mwandishi ni sehemu ndogo ya bei ya kitabu, kwa hiyo hesabu inataka nakala nyingi, na nakala nyingi ziko shuleni.

Mwandishi wa Kasarani

Nawashukuru nyote wawili, ingawa mmenitia hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Nikisha kuacha kuandika kwa ajili ya majaji, nianze kuandika kwa ajili ya kamati ya mtaala?

Mwalimu wa Eastlands

Hapana, dada, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo kwa uhakika.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuwa msomaji wa kwanza katika shindano dogo la uandishi ambalo sitalitaja. Nililetewa miswada arobaini na mitatu ndani ya masanduku mawili ya karatasi, nikawa naisoma usiku baada ya kusahihisha mitihani. Kufikia mswada wa kumi na tano nilikuwa nimejua kutambua kazi iliyoandikwa kwa ajili yangu. Ukurasa wa kwanza una methali tatu, yatima yupo, mwanasiasa mfisadi yupo na kitambi chake, na katika kurasa za mwisho lazima mtu afe, mara nyingi mwanamke, bila hadithi yenyewe kumdai kifo hicho. Nilianza kuhesabu vifo pembeni mwa karatasi. Uchungu ni kwamba baadhi ya waandishi hao walikuwa na kipaji kikubwa, na palipokuwa na mazungumzo ya kawaida jikoni au dukani lugha yao iling'aa, kisha wakakumbuka kuwa wanashindana na wakaivisha suti. Mswada nilioupendekeza ulihusu mzee anayetafuta miwani yake. Sitaki kudai kwamba majaji wote wako kama mimi, lakini sidhani kuna msomaji aliyechoka ambaye hafurahi kukutana na wahusika wawili wanaocheka kwa sababu iliyoandaliwa tangu sura ya kwanza.

Kuhusu maana ya tuzo, nadhani tunaipima mapema mno. Mfikirieni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Riwaya yake ya Paradise ilifika orodha fupi ya Tuzo ya Booker ya Uingereza mwaka 1994 na haikushinda. Alipopewa Nobel mwaka 2021, ndipo tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis ikatoka kwa jina la Peponi, mwaka uliofuata. Hadithi ya pwani yetu wenyewe ilikaa karibu miaka thelathini kabla ya kusomeka kwa lugha ya pwani hiyo. Na mwandishi wetu Binyavanga Wainaina, baada ya kushinda Tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika mwaka 2002, alikuwa miongoni mwa walioanzisha jarida la Kwani? hapa Nairobi, ambalo lilichapisha watu wengi ambao hakuna jaji aliyekuwa amewasikia. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko zile dola elfu kumi na tano za tuzo, ingawa nakiri kwamba sijawahi kupewa dola elfu kumi na tano nikapata nafasi ya kulinganisha.

Jambo la vitendo: Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, haitozi ada, na inataka hadithi ambayo haijachapishwa yenye maneno kati ya 2,000 na 5,000. Kama katika riwaya yako kuna tukio linaloweza kusimama peke yake, liandike upya kama hadithi fupi na ulitume. Hata usiposhinda, utakuwa umejifunza kumaliza kitu kwa makataa ya mtu mwingine, nidhamu ambayo kabati halikufundishi.

Mhariri wa Zamani

Naongeza neno moja kwa Mwalimu. Popote utakapowasilisha, isome sehemu ya hakimiliki mpaka mwisho. Nimeona mashindano ambayo kwa kuingia tu mwandishi anakuwa ameruhusu waandalizi kuichapisha kazi yake bila malipo, ashinde asishinde. Shindano la namna hiyo, au lile linalodai ada kubwa ya kujiandikisha, liache lipite.

Mwandishi wa Kasarani

Jana usiku nilifungua nakala ya zamani niliyokuwa nimeihifadhi kwenye simu ya mume wangu, nikaikuta sura ya mwisho ikiwa nzima. Dada mtu amefufuka. Nimeona pia kwamba ugomvi wao wa kwanza juu ya cherehani, siku ya matanga, unaweza kusimama kama hadithi fupi yenye maneno kama 3,500, kwa hiyo nitaanza na huo. Mhariri, nikiwasilisha riwaya nzima kwa Safal-Cornell, ni vibaya kumpelekea na mchapishaji mswada huohuo wakati nangoja?

Mhariri wa Zamani

Si vibaya, mradi useme. Mwandikie mchapishaji kwenye barua yako kwamba kazi iko mbele ya majaji, na usitie sahihi mkataba wowote kabla ya kuzisoma kanuni za mwaka huo na kuwaandikia waandalizi. Na hiyo nakala iliyo kwenye simu ya mume wako, itume pia kwenye baruapepe yako leo hii.