Onyo la nidhamu nililopewa chuoni: je, nilitaje katika maombi ya shule ya sheria?

Mwombaji Mpya
Ndugu wanajukwaa, naandaa maombi ya kujiunga na shule ya sheria nchini Marekani. Mtihani wa LSAT, ule wa kuombea nafasi katika shule za sheria, nimekwisha kuufanya na kupata 163, katika kipimo kinachoanzia 120 hadi 180. Kinachonikwamisha ni swali la fomu linalouliza iwapo mwombaji amewahi kuchukuliwa hatua za nidhamu. Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nilipewa onyo la maandishi kwa kunakili aya za mwenzangu katika ripoti ya maabara. Sikusimamishwa masomo, na rafiki zangu wanasema jambo dogo kama hilo halina haja ya kutajwa. Muhula huohuo niliugua na alama zangu zikashuka. Je, nilieleze onyo hilo katika insha binafsi?

Mzee wa Mafaili
Ndugu yangu, litaje. Soma kwanza maneno ya swali lenyewe, kwa kuwa shule moja huuliza juu ya adhabu peke yake, na nyingine huuliza hata tuhuma zilizofutwa. Rafiki zako wamesahau kwamba baada ya miaka 3 ya masomo, bodi inayotoa leseni ya uwakili itachunguza mwenendo wako, na inaweza kuliitisha faili lako la udahili ili ilinganishe uliyoyasema wakati huu na utakayoyasema wakati huo. Aya za ripoti ya maabara zinasameheka. Ukizificha, utaulizwa juu ya uaminifu wako mbele ya watu wasio na haraka.

Msomaji wa Insha
Naafikiana na mzee, ila insha binafsi iache ikueleze wewe. Onyo liandikie maelezo ya nyongeza katika ukurasa wake, na nusu ukurasa yatosha. Nami nilikuwa na kosa kama lako, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na aya 4 za kujitetea, pamoja na manung'uniko dhidi ya mhadhiri (naona haya hadi leo), nilipoipunguza zikabaki sentensi 5, ya kwanza ikisema: "Nikiwa mwaka wa pili, niliwasilisha kazi ambayo sehemu yake haikuwa yangu." Ugonjwa uandikie karatasi nyingine, usije ukadhaniwa kuwa ndio kisingizio cha kunakili. Alama 163 haihitaji maelezo yoyote.

Mwombaji Mpya
Nashukuru sana. Je, barua ya onyo niiambatishe?

Mzee wa Mafaili
Iambatishe endapo fomu inaitaka. Hata hivyo, omba nakala yake chuoni kabla hujaandika neno, kwani unachokiita onyo huenda kwenye faili kimeandikwa karipio, na tarehe unayoikumbuka huenda si ile iliyosajiliwa. Iombe wiki hii, maana shule nyingi hupitia maombi kadiri yanavyoingia na kutoa nafasi bila kusubiri siku ya mwisho.