Dola zangu za sigara za Cuba zimezuiwa njiani, nifanyeje?

Duka_la_Zawadi: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina duka dogo Mji Mkongwe, na wageni wananiulizia sana zile sigara nene za Cuba. Nikapata muuzaji Dubai, nikamtumia dola 3,600 kwa benki. Penye sababu ya malipo nikaandika kweli tupu: sigara za Cuba. Leo wiki ya tatu, yeye hajapata na mie sinazo. Benki wananambia zimezuiwa Marekani. Marekani inahusu nini, mie niko Unguja na yeye Dubai? Mke wangu hajui bado, na zile zilikuwa pesa za kupaulia nyumba.

Karafuu_Wete: Pole yakhe. Kilichokuponza ni dola. Dola ya Unguja kwenda Dubai kwa kawaida hupitia benki ya New York, na huko wakiliona neno Cuba, huweza kuzizuia. Mwaka 2012 Mdenmark mmoja alinunua sigara hizo hizo Ujerumani, akalipa kwa dola. Dola zake zikashikwa Marekani.

Mbata: Siku nyengine andika "viungo". Nani atajua?

BintiVikokotoni: Usimsikilize huyo. Nimefanya malipo ya nje miaka sita. Ukigundulika umedanganya, utafungiwa akaunti. Kesho asubuhi waulize jambo moja: pesa zimekataliwa au zimefungiwa? Zikikataliwa hurudi, zimepungua ada tu. Zikifungiwa hukaa huko huko, na lazima uombe kibali OFAC, ofisi ya vikwazo iliyo chini ya wizara ya fedha ya Marekani. Maombi hayana ada. Chukua nakala ya ujumbe wa Swift, mtandao ambao benki hutumiana habari za malipo, na ankara ya muuzaji.

Mzee_Kiuyu: Umeuliza Marekani inahusu nini. Mwaka 1960 Cuba ilichukua mitambo ya kusafishia mafuta ya Texaco, Esso na Shell, kampuni hizo zilipokataa kusafisha mafuta ya Warusi. Rais Eisenhower wa Marekani akakata ununuzi wa sukari ya Cuba. Cuba ikataifisha na viwanda vya sukari vya Wamarekani. Februari 1962 Rais Kennedy akafunga karibu biashara yote na Cuba. Madai 5,913 ya Wamarekani waliochukuliwa mali yalithibitishwa kule kwao, kama dola bilioni 1.9 bila riba, na sehemu kubwa mpaka leo haijalipwa. Sheria ya Marekani ya 1996 ikaongeza kwamba hata mtu wa nchi nyengine anayefaidika na mali ile anaweza kushtakiwa Marekani. Kifungu hicho kilisimamishwa miaka mingi, kikaachiwa Mei 2019.

Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Baada ya 1964 mashamba yalichukuliwa yakagawiwa eka tatu tatu. Babu yangu alipewa, babu wa mke wangu alinyang'anywa. Siku ya harusi yetu wazee walilizungumza hilo mpaka biriani ikapoa.

Karafuu_Wete: Sawa mzee, lakini miaka sitini na ushei mlango umefungwa na madai yapo pale pale. Umoja wa Mataifa unakipinga kizuizi hicho cha biashara kwa kura tangu 1992. Anayeumia ni huyu wa kupaua nyumba.

Duka_la_Zawadi: Nimetoka benki. Zimefungiwa. Mzigo mwengine nilipe kwa dirhamu?

BintiVikokotoni: Dirhamu haina haja ya kupita New York, lakini iulize benki yako kwanza; nyingi zinalikataa neno Cuba kwa khofu tu. Na mgeni wa Kimarekani mwambie mapema, tangu Septemba 2020 haruhusiwi kurudi nazo kwao. Mkeo nae mwambie, kabla hajauona uzi huu.

Duka_la_Zawadi: Keshauona. Tupo nae hapa tunajaza fomu.